Betri au Redio? Mjadala wa Barazani

Katika mashtaka yote yanayoletwa mbele ya mabaraza ya Mji wa Kale wa Mombasa, ya mirathi, ya mipaka ya viwanja na ya nani aliyeuona mwezi kabla ya mwenziwe, hakuna linalokatwa upesi na kwa dhuluma zaidi kuliko shtaka la redio ndogo iliyonyamaza. Kwa maana mwenye redio huifungua mgongo, akazitoa betri, akazitupa, akatia nyingine, na redio ikinena husema "zilikuwa zimekwisha", na isiponena husema "imekufa", na hukumu zote mbili huwa zimetolewa bila ya shahidi hata mmoja kuulizwa swali.

Mjadala ninaousimulia ulifanyika baada ya alasiri, na wasemaji walikuwa wanne. Mdai alikuwa Bi Mkubwa, mwenye redio na mwenye baraza pia, akisema kutoka ndani ya mlango wake. Nahodha, ambaye alistaafu bahari lakini hakustaafu ubishi, alizishtaki betri. Fundi, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza redio na simu, aliishtaki redio, au niseme kwa insafu, sehemu yake moja ndogo. Maalim, aliyesomesha sayansi mpaka mvi zikamjaa, alipewa kiti cha kadhi. Salamu, kahawa na malalamiko juu ya bei ya samaki nimeyaacha.

BI MKUBWA: Redio yangu ni ya betri nne kubwa. Haikuanguka wala haikuingia maji. Alfajiri nikiifungua hunena sawasawa. Nikiirudia baada ya magharibi hunena kama robo saa, kisha sauti ikazama, kisha ikaanza kupiga tu-tu-tu-tu kama mashine ya boti inayoingia bandarini, kisha ikakata. Nikaizima, nikalala, kesho yake alfajiri inanena tena, kana kwamba jana haikunifanyia lolote. Na linaloniudhi zaidi ni kwamba stesheni za mbali, zile za masafa mafupi, ndizo zinazopotea kwanza, ilhali za hapa karibu huendelea.

NAHODHA: Bi Mkubwa, hapo pana la kuuliza? Betri zimechoka, na kilichochoka hupumzishwa. Sisi tulipokuwa tukisafiri, redio ndiyo iliyotupa habari na ndiyo iliyotupa saa, na katikati ya bahari hapana duka. Betri zikilegea tulizianika sitahani penye jua kali, tukazigeuzageuza mpaka alasiri, na usiku ule tukasikiliza tena. Wako waliokuwa wakiziuma kwa meno, na wako waliozitoboa kwa msumari wakatia maji ya chumvi. Mimi jua lilinitosha. Zianike juu ya dari kesho, na zisipofaa, mpya nitakununulia mimi kwa mali yangu.

FUNDI: Ami Nahodha, kwa heshima yako, la jua tutalifikia, ila umekwisha kuhukumu na mgongo wa redio haujafunguliwa. Redio inayonena alfajiri na kukata usiku huwa na moja katika visa vitatu. Ama betri zimepungukiwa. Ama umeme umo lakini haupiti, kwa kuwa pale betri inapogusana na chuma pameingia kutu. Ama redio yenyewe inakula umeme kupita haki yake. Kwa sikio vyote vitatu ni kimoja. Na hapa kwetu, penye upepo wa chumvi unaokula hata bawaba za milango, mimi huanza na cha pili.

NAHODHA: Kutu haipumziki usiku, kijana. Kama ni kutu, mbona alfajiri inanena?

Hili, kwa kweli, lilikuwa swali zuri, na Fundi hakulijibu mara moja.

MAALIM: Subirini. Bi Mkubwa, betri hizi zilinunuliwa lini?

BI MKUBWA: Mbili mwezi huu, Maalim. Mbili za zamani zilikuwa bado zina uhai, nikaona ni israfu kuzitupa, nikaziacha mumo humo pamoja na wageni wao.

MAALIM: Basi mna jambo la kulishika, nalo tutalirudia. Lakini kwanza nimtetee Nahodha kidogo, maana asemalo lina asili. Mwaka 1866 Mfaransa mmoja, Georges Leclanché, alitengeneza betri ya chupa yenye maji ya chumvi ya amonia, zinki upande mmoja, na upande wa pili kijiti cha mkaa kilichozungukwa na unga mweusi wa manganizi. Miaka ishirini baadaye Mjerumani, Carl Gassner, aliyageuza maji yale kuwa uji mzito na kuifanya zinki yenyewe ndiyo chombo, na hiyo ndiyo betri kavu iliyokuja kuingia katika tochi na redio za dunia nzima. Sasa, betri ya namna hii ikitumiwa kwa nguvu, taka za kazi yake hujazana kando ya mkaa na manganizi upesi kuliko zinavyoweza kuondoka, na nguvu hushuka kabla malighafi haijakwisha. Ikiachwa ikatulia, taka hutawanyika, na nguvu hurudi kwa muda. Kwa hiyo kupumzika ni kweli. Usiku kucha betri za Bi Mkubwa zilikuwa zikipumzika, na alfajiri zikaja na nguvu ya kuazima.

NAHODHA: Umesikia, Fundi?

MAALIM: Na jua pia lina kazi, kwa kuwa joto huharakisha mambo ndani ya uji ule, na betri iliyokuwa nzito ikalainika. Ila, Nahodha, jua halitii zinki mpya. Linaiharakisha ile kidogo iliyobaki, tena linaukausha uji. Na ukumbuke kwamba kile kikopo cha zinki ndicho kinacholiwa. Kadiri betri inavyotumika ndivyo ukuta wake unavyokuwa mwembamba, mpaka unatoboka, na kilichomo kinatoka nje kutafuta cha kula kingine.

Hapo Fundi hakungoja kuruhusiwa zaidi. Aliuondoa mgongo wa redio, na sote tukainama, hata Bi Mkubwa akatoka mlangoni. Betri mbili za juu ziling'aa. Katika zile za chini, moja ilikuwa na unyevunyevu kitakoni, karatasi ya mbavuni imevimba, na springi iliyokuwa ikiisukuma imevaa ukoga, mweupe kwenye ncha na kijani kwenye shina, mpaka pete mbili za mwisho zilishikana zikawa donge moja. Fundi alitoa mita yake na kuzipima betri redio ikiwa imezimwa: mbili mpya zikasoma 1.56 na 1.55, mbili za zamani 1.41 na 1.40.

NAHODHA: Moja nukta nne! Betri ya volti moja na nusu, na wewe unasema imekwisha? Hiyo ina maisha.

FUNDI: Ami, hii ni shahada iliyotolewa bila ya kiapo. Betri isiyofanya kazi husema itakalo, kwa kuwa mita haidai chochote kwake; hata iliyokaribia kufa huweza kuonyesha 1.4 ikiwa haijatwikwa mzigo. Bi Mkubwa, kwa ruhusa yako, nitaifungua redio na kupandisha sauti juu kabisa, na majirani watusamehe.

Akaifungua, ikanguruma, naye akapima tena zikiwa kazini. Mpya zilisoma 1.48 na 1.47. Ya zamani ya kwanza ikasoma 1.05, na ile yenye unyevu 0.78, na tulipokuwa tukitazama ikaendelea kushuka. Kwa jumla ni volti 4.78, ilhali redio ile inataka 6. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona likifanywa barazani: aliweka ncha moja ya mita kwenye kitako cha betri na ya pili kwenye springi inayogusana nacho, mahali ambapo, kwa akili ya kawaida, hapana kitu cha kupima. Redio ilipozimwa palisoma sifuri. Ilipopiga kelele palisoma 0.45.

FUNDI: Volti hizi ndizo zinazopotea ndani ya kutu. Betri imetoa, redio haikupokea. Katika 4.78, kilichofika ni 4.33. Na hili ndilo jibu la swali lako la kutu isiyopumzika, Ami: kutu haizuii kitu mpaka umeme upite kwa wingi. Alfajiri Bi Mkubwa hufungua redio kwa sauti ya chini, kwa kuwa watu wamelala. Usiku huipandisha ishinde kelele za mtaa. Spika ya redio hizi huvuta umeme kwa kadiri ya sauti, na sauti ikipanda mara mbili tatu, dhuluma ya kutu nayo hupanda.

BI MKUBWA: Na stesheni za mbali kupotea kwanza?

MAALIM: Redio haiishiki stesheni mpaka ndani yake mtetemo mdogo wa umeme uendane nayo, na masafa yakiwa mafupi mtetemo huo sharti uwe wa upesi zaidi. Volti zikishuka, kitetemeshi hicho hushindwa kwanza pale penye kasi kubwa, na hubaki kikifanya kazi pale penye kasi ndogo. Ukiona masafa mafupi yamekufa na masafa ya kati yanaishi, usiilaumu antena kabla ya kuzihoji betri.

FUNDI: Na ule mlio wa boti ni dalili ileile, ingawa hapo napaswa kuwa na tahadhari. Betri dhaifu huyumba kila spika inapovuta. Ule myumbo hurudi nyuma ukaingia katika vikuza sauti, vikaukuza, spika ikavuta tena, na hivyo hivyo. Lakini kapasita iliyokauka ndani ya redio huleta mlio huohuo kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo siapi bado.

NAHODHA: Huapi! Basi na mimi sishindwi bado.

Walakini hapo pakazuka ugomvi mwingine, wa namna ya kuondoa kutu, na ulikuwa mkali kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa kila mtu wa pwani ana madhehebu yake katika jambo hili. Nahodha alitaka msasa. Bi Mkubwa alikwisha kuleta ndimu, imekatwa, na chembe za chumvi juu yake.

FUNDI: Chumvi uirudishe jikoni, Bi Mkubwa, yenyewe ndiyo adui. Na msasa, Ami, utang'arisha leo na kuharibu kwa mwaka mzima, maana springi ni chuma kilichopakwa ngozi nyembamba ya nikeli, nawe ukiikwangua ngozi ile, upepo wetu utakila chuma kabla ya Ramadhani nyingine. Ndimu naikubali, ila tufahamiane. Betri zile za alkali, za bei ya juu, zikivuja hutoa magadi makali, na ndimu au siki huyavunja kama dawa ya sumu yake. Hii ya zinki na mkaa haivuji magadi. Uvujaji wake una ukali wa upande wa ndimu yenyewe. Hapa ndimu haitulizi kitu, inayeyusha ukoga tu; kwa hiyo ipakwe kidogo kwa kijiti chenye pamba, isifike kwenye saketi, kisha ifutwe kwa spiriti, na chuma kikauke kabisa kabla ya betri kurudi. Na mikono ioshwe, hasa kwa ile ya magadi, kwa kuwa macho hayana springi ya kubadilisha.

Ikafanywa hivyo, na springi ikaachana pete kwa pete. Kisha, na hapa nampa Fundi haki yake kwa kuwa wengi wangalirukia duka, alizirudisha betri zilezile, mbovu na nzima, kila moja mahali pake, akapandisha sauti. Pale palipokuwa 0.45 pakasoma takriban sifuri. Redio ilinena kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Lakini haukupita muda, boti ya Bi Mkubwa ikaingia bandarini tena.

NAHODHA: Haya! Kutu imekwenda na ugonjwa umebaki. Ni betri, kama nilivyosema tangu kahawa ya kwanza.

FUNDI: Ni betri, Ami, na nakukubalia. Ila si betri zote. Ni mbili, na moja zaidi ya mwenziwe.

MAALIM: Na hapa ndipo israfu aliyoiogopa Bi Mkubwa ilipomgeukia. Betri nne zilizopangwa msururu mmoja, umeme wa kila moja hupita katika matumbo ya wenziwe. Hapana njia ya pembeni. Moja ikiisha kabla ya nyingine, zile nzima haziisubiri: huendelea kusukuma umeme ndani yake kwa nguvu, hata upande wa chanya ukageuka hasi, na hiyo ndiyo inayovuja kwanza. Kwa hiyo betri mbili za zamani hazikuokoa pesa ya mbili mpya. Zilizipunguzia mpya umri, zikaila na springi. Zinunuliwe nne, za aina moja, siku moja, na zikitoka zitoke nne. Na redio isiyotumika mwezi mzima ikae tupu.

BI MKUBWA: Nne kwa pamoja ni rahisi kwa anayelipwa mwisho wa mwezi, Maalim. Mimi nanunua moja moja dukani kwa sababu ndiyo pesa niliyo nayo, na muuza duka huzitoa moja moja kwa sababu anatujua.

Nakiri kwamba hapo baraza lilinyamaza kidogo, maana hoja ile haikuwa ya umeme. Maalim, kwa tabia yake ya kukimbilia historia, alieleza ya kuwa tatizo lile ni la zamani: mwaka 1949, kabla ya redio za transista kufika, ilipotolewa kwa wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, redio ya valvu iliyoitwa sufuria kwa umbo la bati lake, bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake peke yake, bumba zito la kukaa nje ya redio, ilikuwa gharama ambayo mwananchi wa kawaida hakuirudia bila ya kufikiri. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwishoni mwa 1947, iliipunguza njaa ya redio hata betri nne za tochi zikatosha, haikuiondoa.

BI MKUBWA: Historia nzuri, Maalim. Betri zangu je?

FUNDI: Kama huwezi nne, Bi Mkubwa, usichanganye hata hivyo. Zile mbili nzima zitie katika tochi yako ya betri mbili, zifanye kazi pamoja mpaka zife pamoja, na za redio zingojee zitimie. Au utumie zile za kuchaji alizokuletea mwanao kutoka Muscat, ambazo nimeziona kwenye rafu bado zimo katika karatasi.

NAHODHA: Zile ni za volti 1.2, nimezisoma mwenyewe. Nne zake ni 4.8. Umetoka sasa hivi kutwambia 4.78 ni ugonjwa!

Hata Maalim alicheka. Lakini Fundi, ambaye tangu mwanzo alikuwa akingoja mtu aseme hivyo, alijibu kwamba 4.78 ya betri zinazoanguka si sawa na 4.8 ya betri zilizosimama. Betri ya kawaida huanza juu ya 1.5 na kuteremka kila saa, na sehemu kubwa ya maisha yake kazini huipitisha karibu na 1.2 au chini yake. Ya kuchaji hukaa kwenye 1.2 yake karibu mpaka mwisho, na redio ikivuta kwa nguvu haiyumbi, ndiyo maana mlio wa boti hausikiki kwake. Aibu yake ni nyingine: ikiisha huisha ghafla bila ya kuaga, tena zile za zamani hujimaliza zenyewe zikiwa rafuni, hata ukizichaji leo ukazihitaji baada ya miezi miwili, huenda usipate kitu. Nahodha alishika hapohapo, akasema kwamba chombo cha baharini hakiwezi kumtegemea mtumishi anayeacha kazi bila ya kuaga, na kwa safari ya mbali yeye angechukua betri za kawaida, na jua lake. Kwa hilo nami naona ana haki, na Fundi hakumpinga. Alisema tu kwamba betri iliyoanikwa itolewe redioni usiku uleule, kabla haijapata nafasi ya kuvuja.

Akatumwa kijana dukani, zikaja betri nne, zikapimwa, zikatiwa. Redio ilinena kwa sauti ya juu kabisa, masafa mafupi yakarudi, mlio wa boti haukusikika, na kwa hivyo kapasita ikaachiliwa huru. Fundi akaizima, akaitia mita katika njia ya umeme aone kama kuna kinachonyonywa hali imezimwa, ikasoma sifuri, na kisa cha tatu nacho kikafungwa.

Likabaki suala la nani alipe.

BI MKUBWA: Nahodha alitamka mbele yenu: jua lisipofaa, mpya atanunua yeye.

NAHODHA: Nilisema lisipofaa. Jua halikujaribiwa. Sharti halikutimia, na ahadi iliyofungwa kwa sharti haidaiwi kabla ya sharti lake.

MAALIM: Hoja ni sahihi kisheria. Basi zile mbili za zamani zianikwe kesho tangu asubuhi hadi alasiri, kisha zitiwe katika tochi, tochi iwashwe magharibi. Ikiwaka bila ya kufifia mpaka adhana ya isha, Bi Mkubwa atalipa betri zake. Ikififia kabla, atalipa Nahodha.

NAHODHA: Nimekubali. Na wingu likitanda?

MAALIM: Tutaahirisha.

FUNDI: Ahirisheni mpendavyo, wazee wangu, ila ujira wangu usiingizwe katika kesi hiyo, maana mimi sikutumia jua.